Mkate Ulio Kwenye Msumari

Hosiyat alikuwa mwoka mikate, na mtu yeyote wa mtaa wetu wa nyuma ya kinu, hapa Kokandi, angekwambia hivyo kabla hajakwambia jambo jingine lolote juu yake. Mimi ningekwambia kwanza kwamba alikuwa mbishi. Tulipakana ukuta miaka arobaini na tatu. Katikati ya ukuta palikuwa na kijilango cha kupita mtu akiinama, na kando ya kijilango hicho, upande wake, lilikuwapo tanuri la udongo tulilolitumia wote wawili. Nasema upande wake kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akisema hivyo. Udongo tuliukanyaga pamoja, na manyoya ya mbuzi ya kuchanganyia nilileta mimi. Huo ndio ukweli, nami nauandika kwa kuwa sasa hayupo wa kunibishia.

Naandika polepole. Shule nilikwenda, ila kila vuli walikuwa wakitutoa madarasani kwenda kuchuma pamba, tukirudi baridi imeshaingia na mwalimu ameshasahau alipofikia. Herufi nilizopata ni chache, na hizo chache zenyewe, za Kirusi, wakaja wakazibadilisha kwa za Kilatini. Siku hizi mabango ya mjini yananitazama nami nayatazama, basi. Msichana wa duka la dawa aliniambia, "Bibi, mbona unajitesa? Unasema tu, simu inaandika yenyewe." Nikamwambia simu haimjui Hosiyat.

Kila alfajiri alikuwa ameshaumua unga kabla sijaamka. Mimi kazi yangu ilikuwa moto. Nilichochea kwa mashina makavu ya pamba mpaka kuta za tanuri zikageuka nyeupe. Hapo yeye anavaa glavu nene inayofika begani, anainama ndani mpaka kiunoni, anabandika mkate ukutani kama anayempiga mtu kofi. Katikati ya kila mkate, kabla ya kuubandika, aligonga muhuri wake wa mti wenye misumari midogo, likatokea ua la petali nane. Halafu kwa ncha ya kisu akatia kitone kimoja pembeni, ili asije mtu akauza mkate wa ovyo kwa jina lake.

Mikate aliiuza kwenye kona ya barabara, ndani ya kigari cha mtoto. Kigari chenyewe kilikuwa cha Elmurod, mwanawe, kilinunuliwa Tashkenti mwaka aliozaliwa. Mtoto alipoanza kutembea, mama akaweka mikate mahali pake, akaifunika kwa blanketi lilelile isipoe. Wageni walikuwa wakiinama kuchungulia, wakisema "mashallah", kisha wanakuta mikate thelathini.

Mimi Mungu hakunijalia mtoto. Elmurod nilimsukuma kwenye kigari hicho mama yake akiwa na mikono kwenye unga, nikamfundisha kutema mbegu za zabibu, nikamchapa mara mbili, zote alistahili. Kwa hiyo jambo hili la mkate linanihusu, asije mtu akasema kizee kimeingilia ya watu.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu alipokwenda Urusi kutafuta kazi za ujenzi. Baba yake alikuwa ameshafariki, na nyumba ilikuwa imeandikwa jina la kijana, kama ilivyo desturi. Asubuhi ya safari Hosiyat alitoa tanurini mkate mmoja mzuri kuliko yote, akampa mwanawe mkononi. Kijana akauma mara moja, pembeni, karibu na kitone. Uliobaki mama akaufunga kamba na kuuning'iniza kwenye msumari juu ya mlango, kwa ndani. Kwetu hatuulizi kwa nini. Aliyeuma ana mkate wake nyumbani, na mwenye mkate nyumbani hurudi kuumaliza.

"Mwaka mmoja tu, mama," Elmurod akasema, bado anatafuna.

"Meza kwanza ndiyo uahidi," nikamwambia mimi.

Akacheka, akaenda.

Mkate ule ulikaa msumarini miaka kumi na miwili. Ulikauka ukawa kama kigae, lakini haukuota ukungu hata siku moja. Hosiyat aliupangusa vumbi kila Ijumaa kwa unyoya wa kuku. Gavhar, bintiye aliyeolewa Angren, ng'ambo ya milima, alimwita kila msimu wa baridi aende akakae naye, na kila mara jibu lilikuwa lilelile: "Elmurod akija akute mlango umefungwa? Mkate wake uko hapa, nami niko hapa."

Elmurod alikuwa akipiga simu. Sisemi hakuwa akipiga. Mwanzoni alijenga maghorofa, baadaye mgongo ukamsumbua, akaanza kazi ya kupeleka vyakula kwa baiskeli, begi kubwa la mraba mgongoni. Nilimwuliza bosi wake ni nani. Akasema, "Sina bosi, shangazi, simu ndiyo inaniambia niende wapi." Mimi nina maoni yangu kuhusu hilo. Msimamizi wetu wa shamba la pamba alikuwa mtu mbaya, mwenye kelele na pua nyekundu, lakini alikuwa akilala. Na akifiwa, tulikwenda kumpa pole. Simu unaipa pole vipi?

Mwaka wa kumi na mbili ndipo wakaja kuhesabu nyumba. Mtaa wetu utabomolewa, wakasema, na kila mwenye nyumba atapewa fleti kwenye majengo mapya ya nje ya mji. Aliyeleta habari ni Mahfirat, mwenyekiti wa mtaa, mwanamke mwema ambaye hutembea kama anayekimbia mvua. Alitukuta tanurini.

"Mama zangu, hongereni! Maji ya moto bombani, choo ndani, lifti."

"Na tanuri?" Hosiyat akauliza.

"Kuna jiko la gesi, mama."

"Sijauliza jiko. Nimeuliza tanuri."

"Haliruhusiwi, mama. Kanuni za zimamoto."

"Basi mwambie aliyeandika kanuni anywe chai kavu. Mimi sisaini."

Mahfirat akaangalia chini. Akaonyesha ile simu yake kubwa kama sinia. "Mama Hosiyat, nyumba iko kwa jina la Elmurod. Yeye ameshakubali. Juzi. Ametazama kamera kutoka huko aliko, uso wake umelingana na wa kwenye kitambulisho, ikapita."

"Ametazama nini?"

"Simu, mama."

"Mimi mama yake sijauona uso wake mlangoni miaka kumi na miwili, mashine imeuona na imeridhika?"

Mahfirat akaizima ile simu. Siku zile baba wa mtu akitaka kuuza nyumba, majirani waliitwa, wakakaa, pilau ikapikwa, watu wakabishana mpaka jasho likawatoka, ndipo kidole kikatiwa wino. Sasa mtu anakodoa macho kwenye kioo akiwa amesimama kando ya baiskeli yake, na huku kwetu ukuta unaanguka.

Hosiyat akampigia. Aliweka ile sauti ya wote kusikia, maana sikio lake moja lilikuwa limeshachoka.

"Mama, ni kwa faida yako. Utapata joto. Nikija nitakukuta mahali pazuri."

"Utakuja lini?"

"Karibuni, mama. Naona kuna ombi la chakula limeingia, naomba nipokee kabla hajachukua mwingine."

Mimi nyumba yangu ilikuwa kwa jina langu, na niliapa watanitoa na mlango kichwani. Nilikaa wiki tatu. Lakini Hosiyat alipofungasha, nikagundua kuwa nyumba isiyo na upande wa pili ni ukuta tu. Nikatia kidole. Tukapewa ngazi moja: mimi ghorofa ya pili, yeye ya tano.

Siku ya kuhama alivaa koti lake la baridi ingawa jua lilikuwapo, na kifuani, ndani ya koti, amefunga mkate kwa kitambaa cha kiunoni cha marehemu mumewe. Nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa anatembea kama mjamzito. Nikamtania, "Miezi mingapi, shoga?" Akanijibu, "Miaka kumi na miwili, na bado."

Lifti haikuwa inafanya kazi. Mlinzi wa jengo, Sobir, alisema inasubiri cheti. Mlangoni pa ngazi walikuwa wamebandika kanuni kwa zile herufi mpya, akatusomea: marufuku moto uani, marufuku kuku, marufuku kuacha vitu ukumbini, marufuku kutoboa ukuta bila kibali.

"Na kupumua?" Hosiyat akamwuliza.

"Kupumua ruksa, mama. Ila si ukumbini."

Hapo tulicheka, hata Sobir. Kigari cha mtoto kikabaki chini kwenye chumba chake cha ufagio. Hosiyat akapanda ngazi, mimi nyuma yake na birika. Kati ya ghorofa ya tatu na ya nne aliteleza, akaanguka kifudifudi kwenye ngazi, kifua kikagonga saruji. Nilimwinua. Akaniambia si kitu, si kitu, lakini aliweka mkono kifuani, ndani ya koti, na uso wake ukabadilika. Nilidhani ni maumivu. Hakuniambia. Na hapa namlaumu, maana angesema neno moja tu, yote haya yasingetokea.

Kesho yake homa ikamshika. Kifua kikawa kinapiga mluzi kama birika la samovari. Nilimkuta amelala chini ya mablanketi, dirisha limefungwa, mabunda hayajafunguliwa. Daktari akaja, akaandika dawa, akasema ale. Hakula. Siku ya kwanza nilimpikia mchuzi, akageuza uso. Ya pili, akageuza uso. Siku ya tatu nikaona mwanamke huyu atakufa kwa ubishi.

Nikakumbuka chai ya maziwa. Ile ya mama zetu: maziwa na chai vinachemka pamoja, unatia chumvi, siagi, pilipili manga, halafu mkate mkavu unavunjwavunjwa humo mpaka unalainika. Hakuna mgonjwa wa kwetu anayeikataa. Nikatafuta mkate mkavu. Kila nyumba ya kwetu ina mfuko wake, kwa sababu mkate hatuutupi. Kipande kikianguka tunakiokota, tunakibusu, tunakiweka juu ndege wakipate. Kilichokauka kinangoja kulowekwa. Kwenye rafu ya jikoni nikaona kitambaa kimefungwa. Nikakifungua. Vipande vya mkate, vinne vikubwa na vidogo vingi, vikavu kama mawe.

Kitambaa kilikuwa kitambaa, mamia kama hicho nimewahi kufua. Na mkate wa Elmurod nilijua uko kifuani mwake, chini ya blanketi, nilikuwa nimeuona ukiingia humo. Vipande vilikuwa vigumu hata nikavigonga kwa mchi, nikawa nanung'unika: Hosiyat wewe, bahili, mkate huu umeuweka tangu enzi za mfalme gani?

Alikula. Bakuli zima. Akafumba macho akasema, "Dada, nzuri." Ana desturi ya kuniita dada akiwa anataka kitu au akiwa ameridhika, siku nyingine zote mimi ni "wewe". Kilichobaki nikala mimi, kwani kumwaga ni dhambi, na unga uliobaki kitambaani nikaukung'uta nje ya dirisha kwa shomoro. Kitambaa nikakifua.

Nilifurahi siku ile. Nataka hilo liandikwe. Nilishuka ghorofa tatu kwenda kwangu nikijisikia mtu wa maana, jambo ambalo kwenye jengo lile lilikuwa halijanipata bado.

Baada ya wiki moja alikuwa ameketi. Akamwita Sobir aje na mashine yake ya kutoboa, akampa kikombe cha chai badala ya kibali, Sobir akatoboa juu ya mlango na kutia msumari mnene. Hosiyat akautazama, akaniambia:

"Oyniso, sasa nikwambie kitu na usinipigie kelele. Siku ile ngazini nilimvunja."

"Ulimvunja nani?"

"Mkate wa mtoto. Nilianguka juu yake, ukapasuka. Niliona ni mkosi, nikanyamaza. Lakini nimefikiri. Vipande vyote vipo, nitavishonea mfuko wa shashi, nitavitundika. Mkate ni mkate hata ukivunjika. Hebu nipe kile kitambaa jikoni."

Nilikwenda jikoni. Nikasimama mbele ya ile rafu tupu. Niliyaona mambo yote kwa mara moja, mchi, bakuli, shomoro, na ulimi wangu ukaonja chumvi ya siku ile.

Sijawahi kuomba radhi maishani mwangu. Sijivuni wala sioni haya, ndivyo nilivyoumbwa. Nilirudi nikasema, "Nilivipeleka kwangu. Kwako kuna unyevu."

"Vizuri. Kesho uvilete."

Kesho yake nikasema mguu unauma. Kesho kutwa nikasema ufunguo umepotea. Siku ya tatu niliamka nikakanda unga, nikauweka kwenye karai, nikafunika na taulo, nikachukua na muhuri wake niliouazima kwa uongo mwingine, nikaenda kwa miguu mpaka mtaa wetu wa zamani. Nilikuwa na akili gani sijui. Niliwaza: nitaoka mkate kama ule tanurini, nitaukausha kwenye bomba la joto, nitauma pembeni, nitauvunja. Meno yangu ni matatu ya dhahabu na mawili ya Mungu, Elmurod alikuwa na thelathini na mawili, lakini kwenye vipande nani atahesabu?

Nyumba zilikuwa bado zinatambulika nusunusu. Mzabibu wangu ulikuwa umelala kifusini na majani yake bado ya kijani. Ukuta wa katikati haukuwapo, kwa hiyo sikujua tena upande upi ni wake na upi ni wangu. Tanuri nililipata. Mashine ilikuwa imelikanyaga, limefunguka kama komamanga, na ndani ya udongo uliovunjika yalionekana manyoya ya mbuzi, yale niliyoleta mimi. Sikuwa na mtu wa kumwonyesha.

Nilikaa kwenye jiwe. Unga ukaumuka kwenye karai mpaka ukainua taulo, ukaanza kumwagika pembeni. Mfanyakazi mmoja mwenye kofia ya njano akapita, akasema, "Bibi, hapa si mahali pa kukaa, ni hatari."

"Nimekaa hapa miaka arobaini na tatu," nikamwambia, "hatari imekuja juzi."

Nikarudi na unga wangu, nikapanda mpaka ghorofa ya tano bila kupita kwangu. Nilimkuta anashona mfuko. Nikasema nikiwa bado mlangoni, kwa sababu ningeketi nisingesema:

"Hosiyat, mkate ule tumeula."

"Mkate upi?"

"Ule. Chai ya maziwa. Nilidhani ni wa kuloweka."

Sindano ilibaki hewani. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, hata nilikuwa na majibu, maana kosa la kunyamaza lilikuwa lake.

"Wote?"

"Wote. Na shomoro."

"Ulitia pilipili?"

"Nilitia."

"Nilihisi." Akaweka sindano chini. "Nimemla mwanangu na pilipili."

"Ulipona, lakini."

"Nyamaza, wewe."

Akachukua simu, akampigia Elmurod, akaiegemeza kwenye sukari. Uso wake ukatokea, umenenepa, nyuma yake barabara na theluji ya mapema. Nilikuwa sijamwona muda, maana mimi simu yangu ni ya vitufe.

"Mama! Hujambo? Shangazi yupo? Naona skafu yake."

"Elmurod," Hosiyat akasema, "nakuomba radhi, mwanangu. Mkate wako umekwisha."

"Mkate upi, mama?"

Hosiyat akautazama msumari juu ya mlango.

"Mama? Huna mkate? Mbona hukusema mapema? Nakutumia hela kwenye kadi sasa hivi, kabla ya saa sita itaingia. Nunua na nyama. Shangazi, msaidie, yeye kadi haijui."

Hakuwa mbaya. Nataka aeleweke. Alikuwa na wasiwasi kweli, macho yalimtoka, na hela ilifika kabla ya saa sita kama alivyosema, simu ikalia kama kengele. Lakini nilimwona Hosiyat anavyoitazama ile sura ndani ya kioo, na nikajua kwamba ile miaka yote aliyeishika kamba ya mkate ule alikuwa mmoja tu, yeye mama.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Uvae kofia."

Tulikunywa chai bila mkate siku ile. Ule unga wangu ulikuwa umeshachachuka. Aliutazama kwenye karai akasema, "Hata unga hujui kukanda, wewe," na hilo ndilo tusi pekee alilonipa.

Wiki haikuisha akamwambia Gavhar aje amchukue. Nilipanda kumbishia. Nilimwambia lifti inakuja, cheti kiko njiani, Sobir kasema. Nilimwambia Angren kuna baridi na moshi wa makaa. Nilimwambia tutatafuta mahali pa kujenga tanuri nje ya mji, tutakanyaga udongo upya. Akaniacha niseme mpaka nikachoka.

"Dada," akasema, "nilikuwa nakaa ili nimfungulie mlango. Sasa nakaa kwa nini?"

Ningeweza kusema: kwa ajili yangu. Maneno hayo ni machache, hata mimi ningeweza kuyaandika. Sikuyasema. Nikasema, "Fanya utakavyo, ndivyo ulivyozoea."

Watu wamenipa hukumu zao. Mahfirat anasema nilifanya vizuri kusema kweli. Sobir anasema ningeendelea na uongo wangu wa unyevu mpaka leo tungekuwa tunakunywa chai wote watatu. Nami huwa nawajibu wote wawili kwa ukali, na nikifika kwangu nakubaliana na Sobir.

Asubuhi ya safari gari la Gavhar lilisimama chini. Hosiyat alikuwa ameoka mkate mmoja kwenye jiko la gesi. Ulikuwa mkate mbaya, mweupe juu, umeungua chini, lakini ua lake la petali nane lilikuwapo na kitone pembeni. Kwenye ngazi, mbele ya mlango wangu wa ghorofa ya pili, alisimama akauma. Alitafuna kwa shida, meno yake si bora kuliko yangu. Akaniwekea uliobaki mkononi.

"Huu usiutie pilipili," akasema.

"Meza kwanza," nikamwambia.

Kigari cha mtoto alinikabidhi mimi, Gavhar alisema hakitoshi garini. Walipokunja kona nilirudi ndani, nikachukua nyundo. Kibali sikuomba. Saruji ya majengo haya haipendi msumari, ilipinda mitatu, wa nne ukakubali, umeinama kidogo lakini unabeba. Mwenye kanuni zake aje tuzungumze.

Lifti ilianza kufanya kazi mwezi wa Machi. Ina kioo ndani, na mwanamke asiyeonekana anayetaja namba za ghorofa. Maji ya moto ni mazuri, sitayasema vibaya, mifupa yangu inayashukuru kila siku. Choo ndani, sawa. Mimi sipingi maendeleo kama wanavyodhani vijana wa hapa. Ila kule kwetu mtu aliyekosa chumvi alipiga ukuta kwa kijiko, na hapa nimeupiga ukuta mara mbili, sijui ni nani anaishi upande wa pili, hakujibu.

Hosiyat hupiga simu Ijumaa. Gavhar anataka ninunue ile ya kioo ili tuonane sura. Bado nafikiri. Sauti yake inatosha, na kwa sauti siwezi kuona kama amekonda. Husema atakuja ikifunguka njia ya milimani, kisha ikifunguka njia husema ikipungua joto. Namwambia mkate wako upo. Ananiuliza, "Vumbi je?" Namwambia, "Kila Ijumaa, kwa unyoya."

Sasa sababu ya kuandika. Mimi nina miaka sabini na tisa, sina mtoto, na siku moja mlango huu utafunguliwa na mtu asiyenijua, labda Sobir na watu wa ofisi, wafungashe vilivyomo. Watakuwa watu wa kwetu, waliofundishwa vizuri na mama zao. Watakapoona mkate mkavu hawatautupa. Watausikitikia, watauteremsha, mmoja ataupeleka nyumbani kwake akaulowekee mgonjwa, au atauvunjia ndege, na atajihisi ametenda jema.

Basi nakuomba wewe utakayesoma, na kama herufi hizi za zamani huzijui mtafute mzee akusomee. Mkate ulio kwenye msumari juu ya mlango, wenye ua na kitone, ulioumwa mara moja pembeni, si wa kuloweka. Una mwenyewe. Anaitwa Hosiyat, yuko Angren kwa bintiye Gavhar, namba yake nimeiandika ukutani chini ya msumari. Mpigie kwanza.